Mama Chiki, Rohani

Majira ya baridi yaliyopita nilinunua kipande cha belacan katika duka moja la Waasia. Ni uduvi uliosagwa, ukatiwa chumvi na kuanikwa uchachuke mpaka ukawa kama tofali dogo la rangi ya tope. Muuzaji alikifunga kwa mifuko mitatu, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mtukutu. Mifuko haikusaidia. Ndani ya treni, bibi mmoja aliyeketi mkabala nami aliinua kiatu cha kushoto akachungulia soli, kisha cha kulia, kisha akahamia behewa jingine. Nikaanza kucheka peke yangu, na Stockholm mtu anayecheka peke yake kwenye treni huachiwa viti vyote vinne. Nilikaa pale kama malkia, mfuko mapajani, nikiwa na miaka kumi tena.

Wenzangu mliokulia kwenye maghorofa ya Bredäng mnazikumbuka ngazi zetu. Mtu hakuhitaji kusoma majina milangoni. Alipanda kwa pua. Ghorofa ya kwanza ilikuwa kahawa na mikate ya mdalasini, ya pili kitunguu saumu, ya tatu sisi. Sisi tulikuwa ndagala. Kila ndugu aliyetoka Uvira au Bujumbura alituletea wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Tanganyika, na mama alipowakaanga siku ya Jumamosi, jengo zima lilijua kwamba familia ya Furaha iko hai na ina afya njema. Furaha ni mimi.

Sasa, Waswidi hawagombani. Wanabandika karatasi. Siku moja tuliikuta kwenye mlango wa lifti, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wenye mikia mirefu. Mama, ambaye Kiswidi chake wakati ule kilikuwa "asante", "samahani" na "Ijumaa siwezi", aliniuliza inasema nini. Niliisoma. Ilisema kwamba baadhi ya wakazi wanaombwa wawafikirie majirani zao wanapopika.

"Wanatutakia Pasaka njema," nikamwambia.

Nilikuwa mkalimani wa nyumba, na mkalimani wa miaka kumi hutafsiri kwanza yale yatakayoleta utulivu. Mama alifurahi sana. Akasema kumbe hawa watu wana adabu, ni vile tu hawajazoea kuionyesha. Jumamosi ile akakaanga mara mbili.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta mgeni wetu. Kengele ililia, nikafungua, nikamkuta mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani, amekumbatia kinu cha jiwe kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Alivuta pumzi ndefu, akafumba macho, akasema kwa Kiswidi kilichokuwa kinachechemea:

"Hapa kunanukia vizuri."

"Anasema nini?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Anasema kunanukia vizuri."

"Furaha, tafsiri kama mutu mwenye akili."

"Ndivyo anavyosema!"

Mama alitoka na mwiko mkononi. Tulikuwa na miaka mitatu Uswidi, na hakuna mtu aliyewahi kupanda ngazi zile kutuambia neno hilo. "Muulize tena," akasema, kwa sauti ndogo. Nikamuuliza tena. Mgeni akarudia, na safari hii akagusa pua yake na kisha moyo wake, ili pasiwe na ubishi.

Alikuwa ametoka Malaysia. Aliishi ghorofa ya tano na mumewe, Mswidi mrefu aitwaye Lennart, mtu mwema aliyekula kila kitu isipokuwa belacan. Siku ya kwanza alipoichoma jikoni kwao, Lennart alimwita fundi aje kutafuta panya aliyefia ukutani. Fundi akabomoa kipande cha ukuta. Tangu siku hiyo walikuwa wamekubaliana, na yeye akawa amekaa miaka minne bila chakula chake halisi, hadi lifti iliposimama kwetu kwa bahati mbaya, mlango ukafunguka na harufu ikaingia. Aliomba pembe moja ya jiko letu, Jumamosi tu. Angetufundisha mapishi yake. Akajigonga kifuani kujitambulisha.

"Makcik Rohani," akasema.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mama yangu alikuwa Mama Furaha mpaka kwenye foleni ya kliniki. Kwa hiyo masikio yangu yalifanya kazi yaliyofundishwa. Nilisikia "Mama Chiki".

"Anaitwa Mama Chiki," nikamwambia mama.

"Karibu, Mama Chiki! Na Chiki mwenyewe yuko wapi?"

Nilikumbuka neno la pili alilolisema, neno ambalo kanisani tulilisikia kila Jumapili. "Rohani," nikajibu.

Mama alifunika mdomo. Mwiko ulianguka. Halafu akamkumbatia yule mwanamke pamoja na kinu chake, kwa nguvu, akimpigapiga mgongoni: "Pole, dada yangu. Pole sana." Mgeni, akidhani ndivyo Wakongo wanavyosalimiana, naye akampigapiga mama mgongoni akasema, "Pole, pole."

Kama kulikuwa na shaka, ushahidi ulizidi kuja kila wiki. Sabuni aliiita "sabun". Nanasi lilikuwa "nanas". Karatasi ilikuwa "kertas", na dunia ilikuwa dunia ileile. Mama akaamua kwamba Mama Chiki ni Mswahili wa mbali ambaye lugha imemvunjikavunjika safarini, na kwamba tukimvumilia itamrudia.

Somo la kwanza lilikuwa wali wa nazi, ule wanaouita nasi lemak. Mama alitazama mchele ukichemshwa ndani ya tui pamoja na fundo la majani marefu ya kijani, akaniuliza kama tumefika mahali pa kula ua wa nyumba. Lakini belacan ilipochomwa juu ya jiko, ule moshi ulipotupiga, mama hakurudi nyuma hata hatua. Aliinama akanusa kama mtu anayetambua sauti ya ndugu kwenye simu. "Huyu ni wa ukoo wa ndagala," akasema. Na Mama Chiki alipoeleza kwamba wali ule huliwa na samaki wadogo wa kukaanga, ambao hapa mjini hakupata walio wazuri, mama alifungua kabati la chini, akatoa gunia. Mama Chiki alichungulia mle ndani. Ziwa Tanganyika lilimtazama. Akaketi kwenye kiti na kujifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Ni siku hiyohiyo bibi Gunvor wa ghorofa ya nne aliposhuka. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, masikio yake yakisikia nusu ya mambo, mgongo umenyooka kama mlingoti. Alisimama mlangoni akasema, kwa upole wote wa Kiswidi, kwamba anasikitika kusumbua lakini kunanuka kana kwamba mtu amefia humu ndani.

"Anasema nini?"

Nilimtazama mama, aliyekuwa na uso wa furaha ambao sikuwa nimeuona muda mrefu.

"Anasema ana njaa."

"Sasa anasimama pale nje kwa nini?" Mama alimshika Gunvor mkono akamvuta ndani, akamketisha, akamwekea sahani: wali, ndagala, karanga, yai, matango, na kijiko kikubwa cha ile sambal, pilipili nyekundu iliyopondwa na belacan. Gunvor alitazama kulia na kushoto akitafuta njia ya kukataa ambayo haitakuwa utovu wa adabu. Hakuipata. Akala kijiko kimoja. Uso wake ulipita rangi ambazo sikujua kwamba ngozi ya Mswidi inazo.

"Analia," mama akasema. "Muulize kwa nini."

Nikamuuliza. Gunvor alifikiri sana. Akasema hajui, lakini kama hakuna shida angependa kuongezwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na aproni yake, miwani ya kusomea na daftari. Alipoanza kuandika nilisimama nyuma yake nikaona mwandiko mzuri wenye mikia mirefu. Sikumwambia mama, na mpaka leo sijamwambia.

Kisha akaja Mama Espe, rafiki wa mama, Mrundi wa Skärholmen, ambaye hakuna chungu kilichowahi kumpita bila yeye kukitilia nyanya. Sasa jikoni walikuwa wanawake wanne wasio na lugha moja, na mimi katikati nikisimama juu ya kreti, nikikimbiza maneno huku na huku. Tulijifunza kupiga maandazi bapa yanayorushwa hewani. La kwanza la Mama Espe lilikaa juu ya taa, na halikushuka hadi baba aliporudi kazini na kuuliza kwa nini nyumba inanuka mkate. Lakini vita vikubwa vilikuwa vya rendang, nyama inayopikwa kwa tui, mchaichai na viungo kwa saa nne. Saa ya kwanza mama alitulia. Ya pili akaanza kuzunguka.

"Furaha, mwambie muchuzi unakwisha."

"Anasema uache uishe."

"Mana yanje!" Mama Espe akamwita Mungu wake kwa Kirundi, akashika kichwa. "Niweke nyanya?"

"Anasema usiweke."

"Sasa nyama bila muchuzi, ugali utachovya wapi?" mama akauliza. "Muulize hilo. Muulize vizuri."

Nikamuuliza vizuri. Mama Chiki aliendelea kukoroga, mkono mmoja kiunoni. "Mwambie mama yako mchuzi haujaenda popote," akasema. "Umeingia ndani."

Mama akaonja. Akaenda dirishani akatafuna akitazama maegesho ya magari. Gunvor aliandika kwenye daftari: saa nne, usiogope.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Mama Espe na Gunvor walipokuwa wameondoka, mama na Mama Chiki walibaki wakikuna nazi au kumenya vitunguu vya wiki ijayo, na hapo mama aliongea. Hakuongea Kiswahili, lugha ambayo Mama Chiki alikuwa na vipande vyake, wala Kifaransa chake cha shule. Aliongea Kibembe, lugha ya bibi yangu, ambayo mimi nilijua ndani yake salamu na matusi mawili. Aliongea taratibu, macho yakiwa kwenye kisu. Mama Chiki alikuna nazi akiitikia kwa kichwa. Nilidhani mama ameanza kuchanganyikiwa. Niliwahi kumuuliza: "Kwani anasikia Kibembe?" Akanijibu, "Yeye anajua. Nenda ukaangalie televisheni." Nikaenda. Nani angekataa?

Mama Espe alikuwa mtu mwema, lakini siri kwake ilikuwa maji ndani ya pakacha. Habari za Chiki zilimtoka akiwa kwenye maombi ya akina mama. Kufikia majira ya kiangazi, kikundi kizima, kutoka Skärholmen mpaka Hallonbergen, kilikuwa kinafunga kila Jumatano kwa ajili ya mama wa Kiasia aliyempoteza mwanawe. Wengine walisema Chiki alikuwa wa kiume, wengine wa kike. Mama mmoja aliota ndoto akamwona Chiki amevaa sweta ya bluu.

Ikaja sikukuu ya kanisa letu. Tulikuwa tukisali Kiswahili alasiri katika ukumbi wa kuazima, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wakenya waliokuja kwa ajili ya kwaya. Kila mwaka nyama ilipikwa na wanawake walewale waliotangulia kufika nchini, na mama yangu, mgeni wa miaka mitatu, alikuwa hajawahi kupewa zaidi ya kuosha sahani. Mwaka ule aliinua mkono kwenye kikao akasema nyama atapika yeye. Hakulala vizuri wiki nzima. Alipika na Mama Chiki siku mbili, katika sufuria zetu, za Gunvor na moja kubwa ambayo Lennart aliibeba mwenyewe kutoka ghorofa ya tano, amejifunga skafu puani.

Watu walikula. Wale mama wakubwa wa nyama walianza kwa kuuliza mchuzi uko wapi, na wakamaliza kwa kulamba vidole na kuuliza kama imebaki. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha njano, na kila aliposifiwa alimwonyesha Mama Chiki kwa mkono, kwamba ni yeye, ni huyu. Sijawahi kumwona mrefu namna ile. Ndipo mchungaji akasimama, akafuta midomo, akaomba utulivu.

"Wapendwa," akasema, "chakula hiki kitamu kimetoka katika mikono ya mama mwenye jeraha. Yuko kati yetu Mama Chiki. Naomba tusimame kwa ajili ya mwanawe Chiki, aliyeko rohani."

Ukumbi mzima ulisimama. Mama Chiki, aliyesikia jina lake lote la kwanza na la pili, alitabasamu akapunga mkono. Kisha akaona watu wanalia, akaushusha polepole.

"Nani amekufa?" akaninong'oneza kwa Kiswidi.

"Chiki."

"Oo, maskini." Akainamisha kichwa. Kwa kuwa kila mtu analia, naye macho yakamjaa. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. "Aliugua?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Si ni mtoto wako."

Alinitazama. Akamtazama mchungaji, aliyekuwa amefumba macho na kunyoosha mkono kuelekea kwetu. "Lakini mimi sina mtoto," akasema, na akalisema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswidi, lugha ambayo watoto wote mle ndani waliielewa kuliko ile ya sala. Kijana mmoja nyuma alikoroma kwa kicheko. Kikapokewa na benchi lake. Wazee wakageuka kuuliza, watoto wakatafsiri, na safari hii kwa bahati mbaya walitafsiri sawasawa. Kicheko kikaja mbele safu kwa safu, mpaka mchungaji akabaki na mkono hewani kama mtu aliyeachwa na basi. Yule mama wa ndoto alikuwa wa mwisho kuketi. "Lakini nilimwona," akasema.

Mimi pia nilicheka. Kisha nikamwona mama. Kiswidi chake kidogo kilitosha kwa sentensi ile. Alichukua beseni, ingawa lilikuwa bado na nyama, akalifunika kwa kitambaa, akanishika mkono tukatoka. Ndani ya treni alilipakata.

"Ulisema Mama Chiki."

"Ndivyo alivyosema."

"Ulisema rohani."

"Alisema rohani, mama! Kweli alisema!"

Aligeukia dirisha, ingawa treni ilikuwa inapita chini ya ardhi na hakukuwa na cha kuona isipokuwa sisi wenyewe. "Nimemwambia mambo yangu," akasema. "Nilifikiri anajua."

Nilidhani anaona haya kwa sababu ya watu kucheka. Jumamosi iliyofuata hatukupika. Kengele ililia, mama akaniambia niseme hatupo. Nikaenda mlangoni nikasema kwa Kiswidi, "Mama anasema hatupo." Nikasikia miguu ikipanda. Jumamosi ya pili kengele ililia tena, na ya tatu. Gunvor alishuka mara moja na daftari lake akakuta tunakula mikate na siagi, akapanda bila kuketi. Nyumba yetu ikaacha kunukia. Kwenye ngazi mtu angeweza kutupita asijue.

Waliokaa kwenye yale majengo wanajua kwamba kuna mahali pamoja ambapo huwezi kumkimbia jirani. Chumba cha kufulia. Unaandikisha saa yako wiki nzima mapema, na nguo zikishaingia kwenye mashine, mlango wake hujifunga; huwezi kuondoka na huwezi kuzitoa. Jumapili moja asubuhi mama alikuwa ameketi pale, mashine mbili zinazunguka, mimi nakunja soksi, mlango ukafunguliwa. Mama Chiki aliingia bila nguo hata moja ya kufua. Akaketi kwenye benchi upande wa pili. Mama alitazama saa ya mashine. Dakika thelathini na nane.

"Tafsiri," Mama Chiki akaniambia, "na usiongeze kitu."

Akasema kwamba kwao makcik ni neno la heshima, mtoto humwita hivyo mwanamke mkubwa, kama shangazi. Rohani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Nilitafsiri, masikio yakiwaka moto. Mama hakugeuka.

"Mwambie Mungu hakunipa watoto," akaendelea. "Mwambie siku ile kanisani, watu wote wamesimama, nilikuwa na mtoto kwa dakika moja nzima. Sikukasirika."

Nilitafsiri. Mama aliacha kutazama saa.

"Na mwambie hivi. Alipokuwa akinisimulia jikoni, sikuelewa neno hata moja. Lakini nilielewa." Akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka wa kulia kwenye kiwiko, akapima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Urefu wa mkate mkubwa. Urefu wa kitu unachoweza kukilaza juu ya mkono mmoja. "Muulize jina lake."

"Jina la nani?" nikauliza.

"Wewe muulize."

Nikamuuliza mama. Mashine zilikuwa zimefika pale zinapozunguka kwa kasi na sakafu kutetemeka. Mama alisema kitu ambacho kililiwa na kelele. Nikamwomba arudie.

"Amani," akasema.

Nilifurahi. Nikamgeukia Makcik nikamwambia kwa Kiswidi kwamba mama anataka amani, wasigombane tena. Makcik alitikisa kichwa. Hakunitazama hata kidogo. "Amani," akarudia, kwa Kiswahili cha mama, taratibu, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Mama akalia. Makcik akavuka akaketi upande wake wa benchi, na dakika zote zilizobaki walikaa hivyo, huku mimi nikikunja soksi na kujipongeza kwa kupatanisha watu.

Ilikubaliwa kwamba Jumamosi tutapika. Makcik alisema kwao kuna chakula cha siku kama hiyo: wali wa kunata wa rangi ya manjano, na rendang pembeni. "Wali wa Amani," alisema, na mimi bado nilidhani ni wali wa kumaliza ugomvi. Nilipokutana na Gunvor kwenye lifti nilimkaribisha, nikamwambia tunapika kwa ajili ya Amani.

"Amani ni nani?" akauliza, akielekeza sikio lake zima.

Nilifikiri. Kumbe huenda ni mtu. "Nadhani ni mtoto," nikasema.

Jumamosi ile nyumba ilinukia tena mpaka chini kwenye mlango wa nje. Mama Espe alikuja akiwa mpole, bila nyanya, ameomba msamaha kwa simu mara nne. Baba, ambaye kwa kawaida alilala mchana kwa sababu ya kazi yake, alikuwa ameamka na kuvaa shati, akakaa nasi jikoni. Wali wa manjano uliwekwa katikati ya meza, umekandamizwa ukawa kama kilima. Mama alikuwa ameanza kusema sala fupi Gunvor alipoingia, nywele zimetengenezwa, amebeba keki kubwa ya krimu na pakiti ya mishumaa.

"Ana umri gani?" akauliza kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia.

Mama Espe aliganda. Baba akatazama sakafu. Makcik alinyoosha mkono kama anayetaka kuizuia ile keki isitue. Mimi, kwa kuwa kazi ilikuwa kazi, nilitafsiri. "Anauliza ana umri gani."

Nilitegemea mama akasirike. Hakukasirika. Alitazama ile keki, akaanza kuhesabu vidole, midomo ikienda bila sauti. Akafika kumi, vidole vikamwishia. Akauchukua mkono wa Makcik akaazima viwili.

"Kumi na miwili," akasema.

Nikamwambia Gunvor. Gunvor akachomeka mishumaa mmoja mmoja, kwa mstari ulionyooka, akaiwasha yote kwa kiberiti kimoja, jambo ambalo hata baba alivutiwa nalo. Kisha akauliza mwenyewe yuko wapi, maana krimu inayeyuka, nani atapuliza?

Nikatafsiri na hilo. Kisha mikono ya mama ikatua mabegani kwangu kutoka nyuma, yenye harufu ya manjano na vitunguu, ikanisogeza mpaka tumbo langu likagusa meza.

"Mpulizie kaka yako," akasema.

Niligeuka kumtazama, nione kama nimesikia vibaya tena. Alikuwa ananitazama sawasawa, na baba pia, na hakuna aliyesahihisha neno. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, kwa sababu hicho kilikuwa kitu cha kwanza ambacho nimewahi kumfanyia kaka yangu, nikapuliza.